Kabati Lile Si Lako

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo, goti limetulia. Huku Muheza vuli imechelewa, lakini mihogo ipo.

Nimeambiwa kwamba katika picha unazowaonyesha waajiri huko Dar es Salaam limo kabati la mbao za mkongo ambalo hukulitengeneza, umelitoa kwenye intaneti. Aliyeniambia ni mtu wa hukohuko Keko anayekupenda, wala hakusema kwa fitina. Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Nilipokuwa kwenye karakana moja mjini Tanga, alikuja kijana kuomba kazi na albamu nene: viti vya nakshi, meza za duara, vitanda vya kifahari. Msimamizi hakumwuliza shule wala mshahara. Aliweka kidole kwenye mguu wa meza moja, akasema, "Hapa umeunga vipi?" Kijana akajibu, gundi na misumari. Meza ile iliungwa kwa ulimi na tundu, hata mimi niliyesimama kando niliuona ulimi ulivyotokeza. Akapewa patasi na kipande cha mninga achonge ulimi mmoja tu. Akaaga anakwenda kunywa maji, hakurudi. Albamu aliiacha. Msimamizi akaifunua mpaka mwisho, akakuta picha ya kijana yuleyule ameshika randa, mbele yake stuli ambayo haijapigwa msasa. Miguu yake haikulingana sana, lakini maungio yalikaa. Akasema, "Kwa stuli hii peke yake ningemchukua." Wewe unadhani kabati la mkongo linakupandisha, kumbe linazifukia kazi zako za kweli.

Aliyelitengeneza kabati hilo naye ana roho. Milango ya mtiki wa Longuza niliyoitengeneza kwa mikono hii, picha zake zilitundikwa ofisini kwa mtu mwingine, jina langu halimo. Milango ile haijapinda mpaka leo, na bado inaniuma.

Mkoba wa kazi, yaani mkusanyo wa picha za kazi zako, uujenge hivi. Piga picha mbao zikiwa zimepimwa, piga maungio kabla hayajafunikwa, piga kazi ikikamilika, mchana, nje ya kivuli. Chini andika aina ya mbao, vipimo, mwaka, na sehemu uliyofanya wewe. Kama mwenzio ndiye aliyepiga vanishi, mtaje. Mchoro wa penseli uliouanzia uweke pia, maana mwajiri anataka kujua unavyofikiri. Kazi chache nzuri zinatosha. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kupiga picha kazi iliyo kwake. Nakala isikae kwenye simu peke yake, simu huibwa.

Cheti kisikutie unyonge. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa kazi anayoijua, akifaulu hupewa cheti. Nenda ukaulize.

Lakini kwanza kabati. Lifute leo, na waliokwisha kuliona waambie mwenyewe kabla hawajakuuliza. Mahali pake weka dawati la mninga ulilomtengenezea mdogo wako, na droo yake inayokwama. Wakikuuliza kwa nini inakwama, jibu unalo: mbao haikuwa imekauka sawasawa, na sasa unajua kuisubiri. Nitumie picha hizo kabla ya Jumatatu, nizione kabla hujaenda kwa waajiri.

Mjomba wako