Usirudie la Jana

Mjukuu wangu, juzi uliniuliza kwa nini hapa nyumbani hatuanzi sala ya usiku mpaka kila mtu ataje jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu, na kwa nini nilimkatalia binamu yako aliyetaja chakula siku mbili mfululizo. Nilikujibu kwa mkato kwamba ni desturi ya mama yangu mzazi, ukaniangalia kama mtu aliyepewa maganda akaambiwa ndilo chungwa. Leo nina nafasi. Sogeza kigoda, nikueleze lilikotoka.

Buhongwa ya Mwanza unayoijua wewe, yenye soko, kelele za bodaboda na mabasi ya Shinyanga yanayopiga honi tangu alfajiri, sisi hatukuzaliwa humo. Tulizaliwa Buhongwa ya nyumba zilizotawanyika, moja huku na nyingine kule, kila mji umezungushiwa minyaa, na katikati yake mashamba ya pamba na mihogo yanayopindapinda kuyakwepa mawe. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa majirani zetu wa kudumu. Asubuhi wanawake walipanda kutoka ziwani, upande wa Luchelele, na ungo wa furu kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzika mpaka shingoni. Fungu moja lilikuwa senti hamsini, ile sarafu yenye sungura. Mama alikuwa akiwabanika kwenye makaa ya mabua ya pamba, na harufu yake ilikufikia ungali mbali, ukirudi shule na tumbo tupu. Furu wale hujawala na huenda hutawala, kwa maana sangara alipotapakaa ziwani miaka ya themanini aliwamaliza karibu wote. Nami nakwambia kweli, nikisema neno furu mate bado yananijaa.

Sisi ni watu wa kanisa la AIC, Africa Inland Church. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa mwaka 1909 kutoka kwa wenzao Waanglikana wa CMS, na kutoka huko Injili ikatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, kama ile ya Wakatoliki ilivyokuwa imeanzia Bukumbi tangu 1883. Lakini mama yangu alimpokea Kristo akiwa hajui kusoma. Aliyashika maneno kwa sikio, na sikio lake lilikuwa kali: mhubiri akiruka mstari, alijua. Ndipo kikaja kisomo cha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, na hapa kwetu mikoa ya Ziwa palikuwa na mradi mkubwa wa UNESCO wenye makao yake Mwanza, uliokuwa ukifundisha watu kusoma kwa mambo wanayoyafanya: pamba, uvuvi, ng'ombe. Mama alikaa chini ya mti alasiri baada ya alasiri, mtoto mgongoni, vumbi la chaki kwenye kanga, akitamka silabi za kupanda pamba kwa mstari. Alipomaliza kitabu cha pamba alifungua Biblia.

Hakuanzia Mwanzo. Alianzia Waraka kwa Wakolosai, kwa sababu ni mfupi. Alifika sura ya pili, mahali Paulo anaposema juu ya kuwa na shina katika Kristo, na papo hapo kujengwa, na kuzidi kushukuru, akakwama. Siku nyingine kidole chake kilishinda hapo hapo kama inzi aliyenasa kwenye asali. Alimuuliza mwinjilisti: mtume alikuwa anasema mti, au alikuwa anasema nyumba? Mwinjilisti akamjibu kwamba ni mifano tu. Mama hakuridhika. Jioni moja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa lililoota mkuyu juu yake, akaniwekea kiganja penye mzizi ulioteremka ukaingia kwenye ufa. Mzizi ulikuwa baridi na mgumu, umepasua jiwe kwa upana wa vidole vyangu vinne. Akasema, "Huu hakuna aliyeuona ukishuka. Lakini nyumba ile ya baba yako, kila tofali ninalijua, nimelibebea maji." Kwa hiyo akakata shauri kwamba Paulo alisema yote mawili na alikusudia yote mawili: kuna kukua ambako Mungu anakufanya usiku umelala, na kuna kazi ambayo lazima uibebee maji wewe mwenyewe kila siku. Kushukuru, kwa mama, kulikuwa upande wa maji ya kubeba.

Usiku ule ule akaanza. Kibatari kinafuka moshi wa mafuta ya taa, sisi watoto wanne mkekani, baba kwenye kiti chake cha ngozi. "Kila mmoja aseme jambo moja la leo. Na asirudie la jana." Tukadhani ni mchezo. Wiki ya kwanza tulikuwa matajiri: furu, mvua, ndama amezaliwa, mwalimu hakuja na fimbo. Wiki ya pili tukaanza kusuasua. Ukitaja uzima, anakuuliza, "Uzima wa nani, umeuona wapi?" Ilibidi uanze kutafuta tangu asubuhi. Nilikuwa nakwenda shule macho yakizunguka kama ya mtu aliyeangusha pesa, nikitafuta cha kusema usiku, na nilipozidi kutafuta niliona vitu ambavyo vilikuwa vinanipita miaka yote. Naamini hapo ndipo imani yangu ilipoanza kuota. Mafundisho ya ubatizo nilikuwa nimeyakariri tayari, lakini yalikuwa yamekaa juu juu, kama mbegu iliyodondoka juu ya jiwe tupu.

Ukaja mwaka 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia Rais alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sisi tulihamishwa mwendo usiofika saa moja kwa mguu, hatua chache ukilinganisha na walioamkia wilaya nyingine, lakini nyumba haijali umbali. Baba aliezua paa mwenyewe kabla hawajaja wasimamizi, nyasi kuukuu zikamwaga vumbi jeusi lenye harufu ya moshi wa miaka yote tuliyopika pale. Makaburi ya babu na ya dada yetu yalibaki, na mkuyu ukabaki. Kiwanja tulichopewa kilikuwa kimepimwa kwa kamba, hakina mti hata mmoja, kina jiwe moja bapa kama mgongo wa kiboko. Na juu ya hayo mvua ikakataa. Mihogo ilitoka ardhini myembamba kama vidole vya mzee. Tukala unga wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, wenye harufu ya gunia lililokaa melini, na ili kuupata ulipanga foleni mpaka jua linakuzunguka.

Nilitegemea kwamba mama ataiacha desturi yake. Usiku wa kwanza kwenye kiwanja kile, chini ya kibanda cha matawi, baba akiwa amegeuzia uso gizani, mama aliuliza kama kawaida. Kimya. Nilikuwa na hasira, sikujibu. Ndipo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka sita, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya lile jiwe bapa, akasema, "Jiwe bado lina joto." Jua lilikuwa limezama zamani. Mama akanyanyuka, akaenda akaweka kiganja chake kwenye jiwe, akakaa hivyo kwa muda. Akasema, "Wabeja, ng'wanone," yaani asante, mwanangu, akaanza kusali. Tokea siku ile tulikuwa tunahamia jiweni kila jioni, sote sita, na baba naye. Baridi ya mwezi wa saba ilitukuta pale tumebanana.

Sikukuu ya mavuno ya 1975 wazee wa kanisa walikaa kikao kuamua kama ifanyike. Wengine walisema ni kuwaaibisha watu kuwaita walete mavuno ambayo hayapo. Ikakubaliwa ifanyike chini ya mti, kwa kuwa kanisa jipya lilikuwa bado kuta tupu. Naikumbuka meza ile: kuku wawili wamefungwa miguu, mayai kwenye kipande cha chungu, mtama kidogo, kibuyu cha maziwa ya mgando, kitambaa cha kufuma, na michembe yetu ya viazi ambayo haikujaza hata kisonzo. Ukafuata mnada, kama unavyoujua. Michembe ya mama ilipoinuliwa juu pakawa kimya, kila mmoja ana senti zake za kununulia unga. Baba yangu, mtu ambaye hakupenda kuonekana, akasimama akasema shilingi moja. Shilingi ile yenye mwenge ndiyo iliyokuwa imebaki ndani. Akanunua michembe yake mwenyewe, akatoka nayo ameikumbatia kwa mikono miwili, na usiku tukaila na maji ya moto. Sijapata tena kula chakula nikiwa na uhakika namna ile kwamba nimepewa.

Nikiwa kijana niliyaacha hayo kwa muda. Mwaka 1979, ule majeshi yetu yalipoingia Kampala, nilipata kazi kiwanda cha nguo cha MWATEX kwa shilingi 380 kwa mwezi, nikapanga chumba Mabatini, Jumapili nikawa mtu wa kulala. Sikumkana Mungu. Nilikosa tu cha kumwambia, na mti usiomwagiliwa haupigi kelele. Nilirudi polepole baada ya kuoa, kwa kuwa bibi yako hakukubali kulala bila sala.

Sasa nifike kwenye lililo zito. Mdogo wangu yule alikua akawa mfanyabiashara wa ndizi na maharage, wa kwenda Bukoba na kurudi. Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza, ufukwe wa Bwiru unaonekana. Alikuwemo. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu, wapiga mbizi wakaja kutoka Afrika Kusini, na mji mzima ulinuka ubani na dawa. Wengi walizikwa Igoma, kaburi hili likigusana na lile. Yeye yumo humo. Sikuuona uso wake.

Mama alikuwa amekwisha zeeka. Nilihamia kwake Buhongwa siku za matanga. Usiku baada ya usiku alikaa mkekani asiulize kitu, wala mimi sikuthubutu kumkumbusha. Wageni walimwambia amshukuru Mungu kwa yote. Aliwaitikia kwa heshima, akanyamaza. Nakwambia hili makusudi, mjukuu wangu, kwa maana wapo watakaokufundisha kwamba shukrani ni kukana maumivu yako mbele za Mungu, kana kwamba Yeye haoni. Mama hakumdanganya Mungu hata siku moja. Alinyamaza siku nane. Usiku wa tisa akaniambia, "Leo tuseme. Nitaanza mimi." Akawataja wachimba makaburi wa Igoma. Alisema ameona mmoja wao, kijana asiyemjua, amechubuka ngozi ya viganja kwa jembe, amejifunga vitambaa, akarudi kuchimba. "Huyo alimlaza mwanangu vizuri." Kisha akanigeukia.

Sikuwa na kitu. Nilitoka nje nikakaa juu ya lile jiwe bapa, ambalo wakati huo lilikuwa limezungukwa na nyumba za watu pande tatu, na kando yake wanawake wakigonga kokoto mchana. Nilikaa mpaka taa za majirani zikazimwa. Niliporudi ndani mama alikuwa bado ameketi, hajapanda kitandani, kibatari kimebaki cheche. Nikamwambia, "Jiwe bado lina joto."

Alinyoosha mkono akazima kibatari kwa vidole, akaanza kusali.