Bamvua Katika Daftari: Mwanafunzi wa Sekondari na Lugha ya Sayansi ya Bahari

Suala la lugha ya sayansi aghalabu hujadiliwa kwa kuanzia na istilahi: dhana huletwa kutoka nje, nayo hutafutiwa kisawe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilifanya kazi kubwa ya namna hiyo ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, ipo njia ya pili, nayo ni ya kuanzia kwa watu wanaolitazama jambo lenyewe na kulisemea kila siku. Mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano, yaliyochukua wiki sita katika pwani ya mashariki ya Unguja, yanaidhihirisha njia hiyo.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima walio wengi ni wanawake. Vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, mahali ambapo maji hupwa. Tangu miaka ya 2000 aina yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa katika sehemu nyingi, na kupanda kwa joto la maji ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwanafunzi alipewa kazi ya kupima joto na chumvi ya maji, na kuandika hali ya mwani, kila Jumatatu.

Jumatatu ya pili aliyakuta mashamba yamefunikwa na maji. Alipomwamkia mkulima mmoja aliyekuwa kivulini akitengeneza kamba, alijibiwa: "Marahaba, mwanangu. Lakini leo maji mafu, ungojee bamvua." Mwanafunzi alikwisha kusoma darasani, kwa Kiingereza, jinsi jua na mwezi vinavyoyavuta maji kwa pamoja, tena alifaulu mtihani wake. Neno bamvua nalo alilisikia nyumbani tangu utotoni. Hakuwahi kutambua kuwa mambo hayo mawili ni jambo moja. Ratiba ikabadilishwa, ikafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu badala ya siku za juma.

Jambo zito zaidi lilijitokeza katika fomu. Fomu hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilimtaka achague kati ya hali mbili tu: mwani mzima au mgonjwa. Wakulima, kwa upande wao, walisema mwani umepauka, au umelainika, au umekatika. Maneno hayo si visawe. Ni hatua tatu zinazofuatana. Yafaa pia kuzingatia umbo lake. Kulainika na kukatika ni vitenzi vya kauli ya kutendeka, na kupauka nacho ni kitenzi cha hali. Vyote hueleza lililoufika mwani bila kumtaja mtenda. Mkulima hushuhudia tokeo, wala hadai kukijua chanzo. Huo ni uangalifu ambao sayansi yenyewe huudai.

Katika wiki ya tano msimamizi alitaka kujua maradhi yalianza lini. Jedwali halikuweza kujibu, kwa kuwa hatua zote zilikuwa zimemezwa na neno moja. Jibu lilipatikana katika daftari la mwanafunzi, ambamo alikuwa akiyaandika maneno ya wakulima kama yalivyotamkwa.

Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, lakini jedwali jipya lilibeba hatua tatu kwa majina yake ya Kiswahili. Kabla ya kuikabidhi, mwanafunzi aliwasomea wakulima matokeo kwa Kiswahili. Wakamsahihisha mara moja: kupauka kulianza katika bamvua ya mwezi mwandamo, si katika ile ya mwezi mpevu iliyofuata. Tarehe ikarekebishwa.

Sahihisho hilo lisingewezekana kama matokeo yangebaki katika lugha wasiyoisoma. Hivyo basi, suala la lugha ya sayansi haliishii katika kuuliza nani ataelewa. Lahusu pia nani ataweza kusahihisha. Fomu za utafiti wa pwani hazina budi kuanza kuandikwa pwani, pamoja na wenye maneno.