Siku 19 za Nywele Nyekundu

Mwenzenu nimewahi kuwa mwekundu. Kwa siku 19 mwaka jana nilitembea hapa Malimbe na kichwa cha rangi ya nyanya iliyoiva, na wengine mnanikumbuka, maana mlikuwa mnageuka. Leo nawaandikia nikiwa na nywele nyeusi za urefu wa kidole, na nina maneno mawili matatu ya kuwaambia kabla bumu halijaingia.

Tuanze mwanzo. Nilisoma sekondari ya serikali, na kama wasichana wengi wa nchi hii, miaka sita kichwa changu kilikuwa mali ya shule. Kila likizo ikikaribia kuisha, mama alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Kirumba, akashika mkasi, akaninyoa. Mama anauza dagaa pale Mwaloni. Mikono yake ilikuwa inanuka ziwa, na mimi nilikuwa nalia kimyakimya. Nikajiapiza kwamba nikifika chuo, mkasi huu haunigusi tena.

Mwaka wa kwanza nikafuga. Nikaweka dawa, zikanyooka, zikafika mabegani. Ningeishia hapo nisingekuwa na makala.

Mwaka wa pili bumu likaingia siku ya Alhamisi. Mnajua zile siku ambazo hosteli nzima inanuka chipsi kuku. Jioni ile mama akanipigia. Mtaji umeyumba, akaomba nimwazime laki moja, atanirudishia mwezi ukiisha. Nikamjibu, "Mama, bado halijaingia." Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Jumamosi nikapanda daladala mpaka mjini, nikaingia saluni moja nikiwa na picha kwenye simu. Msusi akazishika nywele zangu, akazivuta kidogo, akaniuliza, "Mdogo wangu, dawa umeweka lini?" Ilikuwa wiki tatu tu zimepita. Nikasema, "Zamani dada, mwaka jana huko." Huo wa pili. Bei ilikuwa elfu themanini, nikalipa bila hata kuomba punguzo.

Sasa niwaeleze kilichotokea kichwani, kwa sababu mimi nilikuja kukijua nimeshachelewa. Nywele nyeusi kama zetu hazishiki wekundu unaowaka mpaka kwanza zitolewe weusi wake. Anayeutoa ni blichi. Inachanganywa na peroksidi, inafungua magamba ya nje ya unywele, inaingia ndani na kuuharibu ule weusi. Peroksidi ina nguvu tofauti: kuna ya asilimia 6, ya 9, mpaka ya 12. Rilaksa nayo ilikuwa imeshapita humohumo kabla, ikavunja vifungo vya ndani ili unywele unyooke. Kwa hiyo mimi nilibomoa nguzo, halafu wiki tatu baadaye nikamwita fundi atoboe kuta. Yule dada aliuliza swali sahihi. Aliyempa jibu bovu ni mimi.

Wiki ya kwanza nilikuwa staa. Picha nilipiga mpaka Capri Point, nyuma yangu ziwa. Lakini nyekundu ni rangi yenye haraka ya kuondoka. Taulo likawa jekundu, foronya ikawa nyekundu, na siku mvua iliponikuta kituoni Nyegezi, blauzi yangu nyeupe ikawa kama nimetoka machinjioni. Mlinzi wetu, morani kutoka Ngorongoro, alicheka mpaka akaegemea geti. "Dada, sisi tunapaka udongo mwekundu na mafuta. Mbona zetu hazikatiki?" Nilinuna, lakini mzee alikuwa na hoja. Udongo wake unakaa juu ya nywele. Wangu wekundu ulilazimika kuvunja mlango.

Siku ya 11, bafuni, nilipitisha vidole nikaona kitu cha ajabu. Nywele zilizolowa zilikuwa zinavutika kama tambi zilizosahaulika jikoni, halafu zinakatika. Nikatoka na fungu zima mkononi. Nyuma ya sikio pakabaki upara wa ukubwa wa kizibo cha soda.

Nikaanza kuhangaika. Parachichi, mayai, mafuta ya nazi, stimingi. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Tanga, aliniangalia siku tatu halafu akaniambia ukweli: "Shoga, unywele uliotoka nje ya ngozi umeshakufa. Haulishwi, haupoi. Kondishena inaulainisha tu usikatike leo, ukatike kesho." Ana haki. Kinachoishi ni shina chini ya ngozi, na hilo huotesha kama sentimita moja tu kwa mwezi. Akaniambia kwao wanatumia hina, ambayo kwenye nywele nyeusi haikupi nyanya, inakupa wekundu wa mbali unaouona juani tu. Ila akanionya kuhusu ile "hina nyeusi", piko, kwa sababu nyingi huwa na kemikali ya PPD, ambayo ipo pia kwenye rangi nyingi za dukani na inaweza kuunguza ngozi ya mtu isiyoipenda. Ndiyo maana rangi yoyote ya dukani unatakiwa kuijaribu kidogo kwenye ngozi, saa 48 kabla.

Siku ya 19 nikaenda nyumbani na mtandio. Mama alikuwa anapepeta dagaa uani. Akaniangalia, akasema, "Vua." Nikavua. Akakaa kimya muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika. Halafu hakuuliza habari ya nywele hata kidogo. Aliuliza, "Bumu liliingia lini?"

Sikujibu. Akaingia ndani, akatoka na kigoda na mkasi uleule.

Aliponyoa hakunisema. Aliniambia tu kwamba wiki ile alikopa kwa mtu wa riba, na bado analipa. Nywele zikawa zinadondoka kwenye vumbi, nusu nyeusi nusu nyekundu, kuku wanakuja kuzichungulia. Nililia tena kama mtoto wa Kidato cha Kwanza, lakini safari hii sikuwa nalilia nywele.

Muda si mrefu tukaenda mafunzo kwa vitendo. Mimi nilipangiwa shule moja ng'ambo, upande wa Sengerema, nikavuka na kivuko cha Kamanga upepo ukipuliza kichwa kitupu. Hela ya mafunzo ilipoingia nilimtumia mama laki yake kwanza, na ya riba juu, kabla sijanunua hata soda. Alijibu kwa ujumbe wa neno moja: "Imefika."

Siku ya kwanza darasani, binti mmoja wa mbele, amenyolewa kama mimi, akanyoosha mkono. "Madamu, na wewe wamekunyoa?" Darasa likacheka. Uongo wa tatu ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ni fasheni. Nikaumeza. Nikawaambia nilizichoma kwa dawa, tena kwa sababu nilimdanganya aliyeniuliza. Basi kipindi cha kemia cha siku ile, cha asidi na besi, kilisikilizwa kuliko vyote nilivyofundisha pale.

Kwa hiyo ndugu zangu, sijaja kuwakataza nyekundu. Kichwa ni chako, tumekisubiri miaka mingi. Ila chagua moja, dawa au blichi. Jaribu kwanza kwa kishungi kimoja cha nyuma. Zikishaharibika, punguza ncha, osha mara chache kwa maji ya baridi, paka kondishena, weka mbali draya na pasi, na usisuke rasta za kubana kwenye nywele zinazokatika. Zaidi ya hapo ni mkasi na subira. Na msusi akikuuliza umeweka dawa lini, mjibu. Mama akikuuliza bumu limeingia, mjibu pia. Nywele zangu zimeshaanza kuota. Mama bado ananiuliza mambo ya hela mara mbilimbili.