Machozi ya Mti Katika Kisiwa cha Chios

Ubani unaofukizwa kanisani ni utomvu wa mti uliokauka. Leo twende Ugiriki, tukaone utomvu mwingine wa harufu nzuri ambao huliwa. Unatoka kisiwa cha Chios. Biblia yakiita Kio, na Mtakatifu Paulo alipita karibu nacho kwa meli (Matendo 20:15).

Kusini ya kisiwa hicho kuna vijiji vya wakulima wa mastiki. Mti wenyewe ni mfupi, mita 2 au 3 tu, na shina lake limepindapinda. Wakati wa kiangazi wenyeji hufagia chini ya kila mti, kisha humwaga unga mweupe wa chokaa. Halafu huchanja gome kwa chuma chenye ncha. Wala hawachanji kwa pupa, maana mti uliochanjwa kupita kiasi hudhoofika. Utomvu hutoka, hudondoka juu ya chokaa, na baada ya wiki mbili au tatu huwa mgumu, wa kung'aa kama kioo. Matone hayo huitwa machozi. Hadithi ya wenyeji yasema kwamba Mtakatifu Isidori alipouawa kwa ajili ya imani, miti ilimlilia.

Wakati wa baridi akina mama hukaa pamoja wakiyasafisha machozi kwa kisu kidogo, moja moja. Ni kazi ya subira kweli!

Jikoni, mastiki hutwangwa pamoja na sukari kidogo, kwani peke yake hunata kinuni. Lazima itiwe kidogo tu; ikizidi, chakula huwa kichungu. Hutiwa katika mkate mtamu wa Pasaka uitwao tsureki, na katika aiskrimu. Na mgeni akipiga hodi, huletewa gilasi ya maji baridi iliyotumbukizwa kijiko cha sukari nzito, nyeupe, yenye mastiki. Hulamba kijiko polepole, kisha hunywa maji yaliyobaki, nayo yamekwisha kunukia.

Lakini mwezi wa Agosti 2012 moto mkubwa uliteketeza miti mingi ya mastiki. Mti uliopandwa leo hautoi machozi mpaka utimize kama miaka 5, na hukaa miaka mingi zaidi kabla ya kutoa kwa wingi. Basi, fikirini hali ya mzee aliyeona miti ya baba yake imekuwa majivu. Akishika jembe apande tena, anajua kwamba mavuno makubwa yatakuwa ya watoto wake.

Hata hivyo kilimo hicho hakikukoma. Katika mwaka 2014 UNESCO iliuweka ujuzi wa wakulima hao katika orodha ya urithi wa mataifa. Kumbe, katika kijiko kimoja cha utamu mgeni alamba jasho la wazee waliopanda bila kuhesabu watakula nini wao wenyewe. Nasi je, tunawapandia nini watoto wetu?