Kikongwe na Mzigo Wake

Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Mwalimu mmoja mstaafu wa Unguja aliushika msemo huo mwaka 2019, alipoketi mbele ya kompyuta ya mezani aliyoinunua mwaka 2011, akitaka kumtazama marehemu mkewe akighani shairi alilolitunga mwenyewe. Video ilipigwa kwa simu ya mpwa wake, nayo ilibanwa kwa HEVC, njia itumiwayo na simu mpya ili faili liwe dogo. Kompyuta ile haikuiweza. Sauti ilitangulia, midomo ikabaki nyuma, ikikwamakwama.

“Mjomba, nunua kadi ya picha, tena kubwa,” alisema mpwa.

Mwalimu hakuikataa rai hiyo, wala hakuifuata kwa pupa. Anayemchagulia kikongwe mzigo hana budi kujiuliza mambo mawili: haja ni ipi, na mgongo wake wastahimili kiasi gani? Akaufungua ubavu wa kompyuta, akapangusa vumbi, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai: wati 250 tu. Tundu la PCI Express huipatia kadi ya picha hadi wati 75. Ipitayo hapo hudai waya wake wa umeme, na waya huo haukuwamo. Mvuvi hatweki tanga la jahazi juu ya ngalawa.

Chaguo likaangukia GeForce GT 1030, kadi iliyotoka mwaka 2017. Ilitumia wati 30, haikuhitaji waya wa ziada, na iliweza kuifumbua HEVC yenyewe bila ya kuitesa prosesa kongwe. Hata hapo palikuwa na mtego, kwani jina hilo moja lilibeba kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5, ipitishayo gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya pili, ya mwaka 2018, ilikuwa na DDR4, ipitishayo takriban 17. Kijana wa dukani alimletea ile ya pili. Mwalimu akayasoma maandishi madogo ya boksi, akairejesha kwa upole.

“Mwanangu, jina nimeliona. Nitafutie na sifa yake.”

“Samahani, mwalimu. Ipo nyingine ndani.”

Ikabaki skrini, ambayo ilijua VGA tu, ilhali kadi ilitoa picha kwa HDMI na DVI. Akaongeza adapta ya bei ndogo, akarudi nyumbani na fedha mfukoni.

Baada ya sala ya isha video ikachezwa. Sauti na midomo vikaenda pamoja, ubeti kwa ubeti, hadi kituo cha mwisho. Mpwa aliyesimama mlangoni hakuitaja tena kadi kubwa. Mwalimu naye hakugeuka; aliomba tu video irejeshwe mwanzo.