Kobe wa Changuu na Minyororo ya Mkunazini

Baada ya Idi tulisafiri na ahli zetu kwenda Unguja. Tulivuka mpaka wa Lungalunga kwa basi, tukalala Dar es Salaam, na asubuhi yake boti ikatufikisha bandarini Malindi. Wenyeji wetu walitupokea kwa kahawa na haluwa, nasi tukawa na siku tatu za kuyaona yale ambayo wageni huyafuata kutoka pembe zote za dunia, ilhali sisi majirani aghalabu hatuyajui.

Siku ya kwanza tulikwenda Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizomzunguka uso, ambaye asili yake ni Unguja tu na vivisiwa vya jirani. Punju ni sumu. Wakulima wa zamani waliamini kwamba mti aliokula mnyama huyu hufa. Leo wanavijiji wanaopakana na msitu hupata fungu katika ada za wageni, na aliyekuwa adui wa shamba amekuwa sababu ya riziki. Mwongozaji alitueleza kwamba kima hawa hula makaa ili kutuliza matumbo yao, kwani majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana vitu visivyowaafiki. Watoto walicheka, sisi tulisema Subhanallah.

Siku ya pili tulipita Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Hapo tukapanda mashua kwenda Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, alianza kujenga jela kisiwani humo. Jela ilikamilika, lakini haikufungwa mhalifu hata mmoja. Ikageuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Kobe wakubwa wa Aldabra waliletwa mwaka 1919, wanne, zawadi kutoka Shelisheli. Wakazaana, kisha wezi wakawauza ng'ambo hata wakakaribia kwisha, na ndipo wakajengewa uzio na kuwekewa walinzi. Umri wa kobe umeandikwa kwa rangi juu ya gamba lake. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alimlisha mboga mmoja aliyezidi miaka mia, akamkuna shingo, naye akainyosha kwa raha.

Siku ya tatu ilibaki Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Tukiri ukweli: tulitaka kupapita. Tulijiambia kwamba ni uwanja wa kanisa na kwamba jua ni kali. Mama watoto akasema, "Tumelipa nauli kuwaona kobe. Tutashindwaje kuwaona watu?" Tukaenda.

Uwanjani mna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, shingo zao zimefungwa kwa mnyororo wa kweli. Binti yetu alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Baba, waliowauza walikuwa Waislamu?"

Tumefundisha madrasa kwa miaka mingi, lakini swali hilo lilitukausha ulimi. Tulitaka kusema kwamba Wafaransa nao walinunua watumwa kwa mashamba yao ya visiwani, ni kweli. Tulitaka kusema kwamba Waingereza waliomshurutisha Sultani alifunge soko mwaka 1873 waliutawala mji tangu 1890, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria hadi 1897. Hilo nalo ni kweli. Lakini kosa la jirani halifagii ua wetu.

Tukamwambia, "Naam, mwanangu. Walikuwamo. Qur'ani iliwahimiza kuacha watu huru, na Mtume wetu (S.A.W.) alitufikishia kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu amuuzaye aliye huru akala thamani yake. Walikuwa na elimu hiyo, na soko likaendelea."

Akauliza tena, "Na hawa, umri wao uliandikwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisimama naye mpaka alipotaka kuondoka.

Enyi wazazi, mkijaaliwa kwenda Unguja, wapelekeni watoto Jozani na Changuu wajifunze huruma kwa viumbe; sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila chakula. Kisha msiwapitishe mbali na Mkunazini. Wakiuliza, wajibuni kweli. Na mkirudi nyumbani, mtazameni yule binti wa kazi jikoni: analala saa ngapi, anakula nini, na mshahara wake hulipwa lini? Sisi tulirudi Mombasa tukagundua kwamba wa kwetu alikuwa anatudai mwezi mmoja. Tulimlipa usiku uleule, tukamwomba radhi.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie kuwa waadilifu kwa walio chini ya mikono yetu. Amin.