Kuwinda Peke Yetu Katika Nchi ya Wenyewe

Wasomaji wetu kadhaa wakaao Marekani wametuuliza kama yafaa Mwislamu kutoka jimboni mwake akaenda kuwinda katika jimbo jingine peke yake, na vipi ajitengeneze kwa safari hiyo. Jawabu letu tutalitoa kwa kueleza safari yetu wenyewe, kwani apitaye njia ndiye ajuaye miiba yake. Na tunaposema "sisi" msomaji asidhani tulikuwa kundi. Tulikuwa mtu mmoja, bunduki moja na hema moja.

Kuwinda kwa kutafuta chakula ni halali, isipokuwa kwa aliyehirimia kuwinda wanyama wa bara. Hayo yamo katika Suratul Maida. Na katika aya ya 94 ya sura hiyo Waislamu wameambiwa kwamba watajaribiwa kwa mawindo yatakayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili abainike nani amwogopaye Mwenyezi Mungu hali ya kuwa hamwoni. Aya hii yahusu waliohirimia. Lakini mwenye kuwinda peke yake ataiona maana yake usoni pake, kwa sababu huko hapana bwana nyama, hapana rafiki, wala hapana wa kusimulia alilolitenda.

Hatukukusudia kwenda peke yetu. Tulipanga na rafiki yetu mmoja wa Columbus, Ohio, tunakokaa, naye akashikwa na maradhi wiki mbili kabla ya kuondoka. Kibali cha kuwinda hakihamishwi kwa mtu mwingine, na chetu kilikuwa cha jike la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya ayala, katika jimbo la Colorado, mwishoni mwa Oktoba.

Mambo ya vibali yataka kuanzwa mapema. Colorado hupokea maombi ya kura mpaka siku za mwanzo za Aprili, na kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, hata kama amekipata katika jimbo jingine. Mgeni hulipa zaidi ya dola 700 kwa elki mmoja, na mwenyeji hulipa chini ya 100. Wako wanaonung'unika kwa hayo. Shauri kama hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka Montana, ambako mwaka 1976 mwenyeji aliweza kupata kibali cha elki kwa dola 9, na mgeni hakukipata ila kwa kununua kibali cha wanyama mchanganyiko cha dola 225. Mwaka 1978 mahakama iliamua kwamba jimbo lina haki ya kufanya hivyo. Nasi hatukuona dhuluma. Wenyeji ndio wawalindao wanyama hao mwaka mzima, na mgeni hachagui mkeka wa kukalia.

Yampasa mgeni pia kujua wapi haruhusiwi kuwa peke yake. Katika jimbo jirani la Wyoming, mgeni hawindi wanyama wakubwa ndani ya nyika zilizohifadhiwa na serikali kuu ila awe na kiongozi mwenye leseni au mwenyeji aliyepewa ruhusa. Na Alaska humtaka mgeni awe na kiongozi kwa dubu wa kahawia, kondoo wa milimani na mbuzi wa milimani. Colorado haina sharti hilo kwa elki, lakini ruhusa ya serikali haimwondolei mtu haja ya akili yake.

Basi tulikaa na karatasi tukafanya hesabu. Jike la elki lina uzito wa ratili 500 hivi, na nyama yake iliyotolewa mifupa yaweza kufika ratili 150. Mtu mmoja akibeba ratili 50 kila mara, atatoka na mizigo mitatu. Akiwa amemwangusha mnyama maili 2 kutoka garini, atatembea maili 10 mpaka amalize. Akiwa maili 4, atatembea maili 20, na nusu ya mwendo huo na zaidi ana mzigo mgongoni. Nyama itaharibika kabla hajaimaliza, au ataharibika yeye. Tukaandika chini ya ramani: hatutapiga risasi kupita maili 2.

Ramani moja tulimpa mama watoto, na juu yake tumetia alama ya mahali pa gari na pa hema. Tukaahidi kumpelekea habari kila usiku kwa chombo cha setilaiti, kwa kuwa huko simu hazishiki. Tukaandika na wasia, kama Mtume wetu (S.A.W.) alivyotuagiza tusilale bila ya kuuandika. Mama watoto aliusoma, akaukunja, akauliza, "Baba Khadija, na Mtume hakuonya juu ya mtu kusafiri peke yake usiku?" Tukasema kweli ameonya. Akasema, "Basi." Hakuongeza neno, na neno hilo moja tulikwenda nalo zaidi ya maili 1,200 mpaka Denver.

Kutoka Denver tulikwenda magharibi mpaka mji mdogo wa Meeker, tukapanda Flat Tops, nchi tambarare iliyo juu ya milima yenye majabali meusi. Hapo pana ziwa liitwalo Trappers Lake, lililo juu ya bahari kwa futi zaidi ya 9,000. Mwaka 1919 serikali ilimtuma Arthur Carhart apime viwanja vya nyumba za mapumziko kandokando ya ziwa hilo. Alipoliona akashauri pasijengwe kitu, na shauri lake likafuatwa. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa ya watu wa kabila la Ute, waliofukuzwa mwaka 1881. Tulikumbuka hayo tulipojiita wageni, kwani hata wenyeji wa leo walikuta wenyewe.

Miti mingi huko imekufa, mingine kwa wadudu na mingine kwa moto mkubwa wa mwaka 2002, na upepo ukivuma huanguka bila ya kutoa habari. Tulitafuta mahali pa hema kwa saa nzima mpaka tukapata uwanda usiofikiwa na mti wowote. Gari haziruhusiwi ndani ya nyika hiyo, na kila kitu hubebwa na farasi au na mtu.

Ama ibada, dini yetu ni nyepesi kwa msafiri. Tulipunguza Sala na kuzichanganya, tukapaka maji juu ya viatu tulivyovivaa na udhu, ruhusa ambayo msafiri anayo kwa siku tatu. Kibla kilikuwa kaskazini mashariki, upande wa jabali lenye theluji.

Siku ya tatu, jua likikaribia kuchwa, tulifuata nyayo tukasahau ramani. Mara tukamwona jike amesimama ukingoni mwa genge, hatua 150 kutoka tulipo, ubavu wazi. Sheria ya jimbo ilikuwa bado inaruhusu, maana huruhusu mpaka nusu saa baada ya jua kuchwa. Kidole kilikuwa mahali pake na Bismillahi ulimini. Ndipo tulipotazama chini ya miguu yake. Akipigwa ataanguka bondeni, na aliyekufa kwa kuanguka ametajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida pamoja na vilivyoharimishwa. Ukiingia shaka kama ameuawa na risasi au na kuanguka, haliwi. Tena tulikuwa maili 4 kutoka garini, na usiku unaingia.

Tuseme kweli: nafsi ilitafuta hila. Ilituambia tumekuja mbali, tumelipa fedha nyingi, na hapana aonaye. Neno hilo la mwisho ndilo lililotushtua. Tukaishusha bunduki, na mnyama akaondoka taratibu.

Tulirudi hemani gizani tukijikwaa, saa mbili baada ya wakati wa ahadi, mikono imekufa ganzi hata chombo cha habari kikatushinda kukifungua upesi. Jawabu la mama watoto lilikuwa fupi: "Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshika simu kumpigia mkuu wa polisi." Tuliposoma hayo tulijua kwamba hofu ya safari yetu alikuwa ameibeba yeye, sisi tulibeba begi tu.

Hatukupata mnyama mwaka ule. Watoto walifungua sanduku la barafu wakakuta mikate iliyobaki.

Basi jawabu letu kwa waliotuuliza ni hili. Ukiweza kupata mwenzi, usiende peke yako. Ukilazimika, pima nguvu zako kwa mzigo wa kurudi nao, usizipime kwa mzigo wa kwenda. Shika sheria za wenyeji pale wasipokuona. Wala usipige ila mnyama ambaye una yakini utamla kwa halali na utamtoa wote. Na kabla ya kuondoka, mwulize aliye nyumbani, na ukisikia "Basi" yake, isikilize vizuri.

Wallahu aalam.